Sultani Aliyerudishiwa Jua Lake

Hapo zamani, katika zama ambazo wafalme walikuwa wengi kuliko visima, palikuwa na mji wa mawe ukiitwa Mwambakuu, na mji huo ulitawaliwa na Sultani Harithi bin Ghalibu, mtu mwenye ndevu nzuri, sauti nzuri, na farasi mwenye akili. Sultani huyu hakuwa mkatili. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kupenda kusifiwa, na kwa bahati mbaya tabibu wake alikuwa Waziri Burhani, ambaye kila alipouona ugonjwa ule aliupa chakula zaidi. Waziri akisema mvua imenyesha kwa sababu Sultani amepiga chafya, na Sultani akiamini, maana ni kweli alikuwa amepiga chafya.

Basi nyumba zote za mji ule zilikuwa za mawe, zenye paa bapa, na tangu enzi za mababu watu wakizipaka chokaa nyeupe juu na kando, wala hakuna aliyejiuliza kwa nini. Ikawa Ijumaa moja, adhuhuri, Sultani akapita mjini juu ya farasi wake, na mng'aro wa kuta zile ukampiga machoni hata akajifunika uso kwa ncha ya kilemba. Akauliza ni kitu gani kinachompiga. Mtu mwingine angalisema ni jua, na hekaya hii isingalikuwapo. Lakini Burhani hakupewa uwaziri kwa kusema mambo kama hayo.

"Maulana," akasema, "jua huchomoza kwa idhini yako, nawe huwagawia raia zako kila siku bila kinyongo. Hawa wenye nyumba nyeupe hawalipokei. Wanakurudishia."

Sultani akageuza farasi kurudi ikuluni. Hakuna kimuumizacho mkarimu kama zawadi yake kurudishwa, na yeye aliona amerudishiwa zawadi na mji mzima. Kabla ya jua hilohilo kuzama, mpiga mbiu akapita mitaani na kutangaza kwamba kila nyumba ipakwe masizi, paa na kuta, ili ipokee jua la Sultani kwa adabu, na kwamba chokaa ni marufuku. Ikulu peke yake ikaachwa nyeupe. Waziri akaeleza kwamba mwenye zawadi hajipi zawadi mwenyewe, na hoja hiyo ikaeleweka vyema sana kwa wote walioishi ikuluni.

Basi Mwambakuu ukawa mweusi kama chungu, na kama chungu ukaanza kupika. Kuta zilikunywa jua mchana kutwa, na watu walipoingia ndani kujipumzisha, kuta zikawatapikia. Wanawake wakawa wanateka maji si ya kunywa, bali ya kumwagia mawe, na mawe yakitoa mvuke na kutaka mengine. Wanaume wakaacha mashamba, wakakaa nyumbani kuwapepea watoto wao kwa mapepeo ya ukindu, na magugu yakastawi kwa raha. Habari zikamfikia Sultani kwamba raia wanatokwa na jasho jingi. Waziri akamwambia ni jasho la shukrani.

Katika mji huo aliishi mtu aitwaye Vuai bin Pandu, asiye na kazi, asiye na akiba, na asiye na haya ya kukosa vyote viwili. Watu walimwita mpumbavu, kwa kuwa akiulizwa swali hulijibu swali lilelile aliloulizwa. Alikaa katika kibanda cha mawe pembezoni mwa mji pamoja na mkewe Mize, na pamoja na mama yake Mize, Bi Rehani, ambaye alikuja kuwatembelea mwezi wa harusi na bado hajamaliza kutembea. Bi Rehani hakumpenda mkwewe. Alizoea kusema kwamba watu wengine huoza binti zao kwa wanaume, yeye amemwoza wake kwa mkeka, maana kila atazamapo mkeka Vuai yuko juu yake.

Kibanda kilipopakwa masizi na askari, Bi Rehani alianza kunyamaza. Mwanzo Vuai alihesabu hiyo kuwa neema. Kisha akaona ajabu, na baada ya ajabu ikaja hofu. Ikawa mchana mmoja wakamkuta amelala kando ya mtungi, midomo imekauka, macho hayamjui hata binti yake, naye akamshika Vuai mkono na kumwita mwanangu. Vuai aliposikia neno hilo alijua kwamba mwanamke huyu yu karibu na kufa.

Mize akamlaza mama yake mapajani, akamwambia mumewe, "Vuai, mama anatutoka. Nyumba hii inamla."

Vuai akatoka, akaenda kwenye tanuri za chokaa nje ya mji, ambako chokaa iliyochomwa ilikuwa imelala kwenye mashimo bila mwenyewe, kwa kuwa waliokuwa wakiichoma walikuwa wamekimbia mbiu. Akajaza kikapu, akarudi, akaikoroga kwa maji na chumvi, akapanda juu ya paa na kulipaka lote, akashuka na kupaka kuta. Watu wakasimama njiani kumtazama, wengine kwa huruma na wengine kwa matumaini ya kuona akikamatwa. Hakujificha, maana nyumba nyeupe katika mji mweusi haifichiki, na yeye alikuwa mvivu hata wa kujaribu. Alasiri ilipofika kuta zilikuwa zimepoa, na kabla ya magharibi Bi Rehani akafumbua macho, akauliza ni nani aliyemwaga maji mlangoni, ni mbuzi au ni Vuai. Mize akalia kwa furaha.

Kesho yake Vuai akachukuliwa. Kibanda kikaachwa kama kilivyo, kiwe ushahidi, naye akafikishwa barazani mbele ya Sultani, katika ikulu nyeupe iliyokuwa na ubaridi wa kisimani. Vuai akavuta pumzi ndefu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia mahali pale, na aliona kwamba watu wa humo walikuwa na nafasi kubwa ya kufikiri mambo ya ajabu, maana hawakuwa na haja ya kujipepea.

"Ni kwa nini," Sultani akamuuliza, "umenirudishia jua langu?"

"Maulana, mimi ni maskini," Vuai akajibu. "Jua lako lilikuja nyumbani kwangu likajaa, hata mkwe wangu akakosa mahali pa kupumulia. Nikasema, mali hii ni nyingi mno kwa mtu kama mimi, watu wataniita mwizi. Nikachukua la kunitosha kuona njia, lililobaki nikalirejesha kwa mwenyewe."

Baadhi ya watu wa baraza wakapata kikohozi cha ghafla. Sultani akamtazama Waziri wake. Naye Waziri akasema kwamba kama kweli mtu huyu amelirejesha kwa mwenyewe, basi aonyeshe lilipo, kwa kuwa humu ikuluni hapajaletwa kitu. Neno hili likampendeza Sultani kwa sababu lilimwondolea taabu ya kufikiri, akahukumu hapohapo.

"Utaniletea jua langu lote ulilolikataa," akasema, "uniletee humu ndani ya ikulu, nilipokee. Ukishindwa, paa lako litapakwa masizi upya, nawe utafungwa juu yake kwa minyororo tangu asubuhi hadi jioni, na kesho yake vivyo hivyo, mpaka ujifunze kupokea."

Vuai aliwahi kulikanyaga paa lile likiwa jeusi, na alijua kuwa mtu aliyefungwa juu yake hangefika jioni. Lakini jambo ambalo watu hawalijui kuhusu wavivu ni kwamba hufikiri haraka sana inapokuwa kufikiri kutawaepusha na taabu. Akainama, akasema hukumu ni ya haki, atalileta, ila ana maombi mawili. La kwanza, jua ni kitu kitukufu, halifai kuingia nyumba isiyoandaliwa. Basi aruhusiwe kuipaka ikulu sifa, kuanzia paa hadi msingi, pasibaki hata mahali pa kuweka kidole.

Sultani akanyooka kitini. Amesifiwa kwa mashairi, amesifiwa kwa ngoma, amesifiwa na wageni waliokuja kukopa, lakini katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kutaka kuipaka nyumba yake sifa. Akakubali kabla Vuai hajamaliza. Waziri Burhani akauma mdomo kwa wivu, kwa kuwa wazo lile alipaswa kulipata yeye.

"Na la pili, Maulana," Vuai akasema. "Mimi sijui jua lako ni kiasi gani. Ajuaye ni mwenyewe. Kwa hiyo mimi nisihesabiwe kuwa nimeshindwa, na sifa hizo zisibanduliwe mpaka wewe useme kwa kinywa chako: Jua limenitosha."

Sultani akacheka, akaapa mbele ya baraza lote kwamba itakuwa hivyo. Na kiapo cha Sultani katika mji ule kilikuwa kama jino la mtu mzima: likishang'oka, halioti jingine.

Asubuhi yake Sultani aliamka akitarajia kusikia mashairi. Alichosikia ni harufu. Akatoka hadi uani, akakuta ngazi zimeegemezwa kila upande wa ikulu, na juu yake wamejaa watu wa mji, wengi kuliko waliowahi kujitokeza kwa kazi yoyote ya serikali, nao wanafanya kazi kwa bidii iliyomshangaza. Chini yao palikuwa na mapipa ya sifa. Kwa asiyejua, sifa ni yale mafuta ya ini la papa ambayo waunda vyombo hupaka mbao zao zisioze, mafuta mazito ambayo hunuka kabla hayajafika. Na Vuai alikuwa anayakoroga na masizi, masizi ambayo watu walikuwa wameyaleta wenyewe kwa vikapu kutoka majikoni mwao, kwa kuwa sifa peke yake, kama walivyoona wengi ikuluni, hazishiki vizuri bila kitu cheusi ndani yake.

Sultani akauliza ni uchafu gani huu. Vuai akashuka, akajibu kwa upole kwamba ni sifa, kama ilivyoamriwa. Akaongeza kwamba alipoitazama ikulu kwa makini alisikitika sana, kwani kwa weupe wake na ukubwa wake ilikuwa inamrudishia Sultani jua jingi kuliko vibanda vyote vya mji vikiwekwa pamoja, na bila shaka hilo halikufanywa kwa kusudi. Sasa itapokea kwa adabu. Sultani akamgeukia Waziri Burhani ili maneno haya yapate kupingwa. Waziri akafungua kinywa, akatafuta, akagundua kwamba kila hoja aliyoishika ilikuwa ni ya kwake mwenyewe, akakifunga.

Basi jua likaja ikuluni. Halikuchelewa hata kidogo. Kuta zilizozoea kulikataa zikalipokea kama ndugu aliyepotea, na joto likaingia barazani, likapita vyumbani, likakaa kwenye mito ya hariri bila kukaribishwa. Masizi yakatoa jasho la mafuta, mafuta yakatoa harufu, na harufu ikaingia kwenye pilau. Wapepeaji wakaletwa, kisha wakaongezwa, wakatolewa majumbani na bandarini, hata baraza ikajaa watu wanaopepea, na kwa kujaa kwao wakazidisha joto, ikawa wapepeaji nao wanahitaji wapepeaji. Punda wakaletwa kubeba maji ya kumwagia paa. Waziri Burhani, kilemba kikimchuruzika, akasema hajawahi kujisikia karibu na utukufu kama leo, kisha akaomba ruhusa akakae kidogo karibu na mtungi.

Kila adhuhuri Vuai akija mbele ya Sultani na kuuliza kwa heshima kama jua limemtosha. Sultani, uso mwekundu kama pilipili iliyoiva, akijibu kwamba bado, na kwamba analiona tamu. Watu wa baraza nao wakasema ni tamu. Mmoja akalisema hilo na kuzimia.

Vuai alikuwa akisimama kando ya nguzo, akilowa jasho kama wengine, na moyoni hakuwa na raha. Alikuwa ametega mtego kwa kiburi cha mtu, na sasa akaanza kuona kwamba kiburi huweza kustahimili joto kuliko mwili unaokibeba. Sultani akifa bila kusema neno lile, hakuna atakayelisema, na mji utabaki mweusi milele kwa heshima ya marehemu. Usiku hakulala vizuri, jambo ambalo Mize hakuwahi kuliona tangu amjue.

Ikawa adhuhuri moja Vuai akaingia barazani kuuliza swali lake, akakuta kiti kitupu. Joho la Sultani liko sakafuni, na kilemba kiko juu ya joho, lakini mwenyewe hayupo. Mpishi akasema kanzu yake ya jikoni imepotea. Hofu ikawashika wote. Waziri akatoka na askari kumtafuta, Vuai akiwafuata nyuma, wakapita mitaa myeusi iliyokuwa ikiwaka pande zote mbili, wakiuliza huku na huku, na hakuna aliyemwona Sultani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila farasi.

Waliowaonyesha njia ni paka. Mtaa mmoja walikutana na paka wawili wanaokwenda upande mmoja kwa haraka, mtaa wa pili wakawaona wengine, na mwisho wakafika pembezoni mwa mji, wakakuta paka wote wa Mwambakuu wamekaa kwa utulivu mbele ya kibanda cheupe cha Vuai, wakiutazama mlango kama watu wanaongoja pilau ya harusi. Mlango ulikuwa wazi. Ndani ilisikika sauti ya Bi Rehani. Waziri akataka kuingia, lakini Vuai akamshika mkono, akamsihi asikilize kwanza.

Ndani, juu ya mkeka wa Vuai, alikuwa amelala mtu mwenye kanzu ya mpishi iliyojaa masizi, kichwa wazi, akinuka papa. Bi Rehani alikuwa akimnywesha maji kwa kata.

"Umelowa kama pweza," alikuwa akimwambia. "Watokea ikuluni?"

Yule mtu akaitikia kwa kichwa.

"Maskini. Bwana wenu anawapika mkiwa hai. Ana mama huyo? Sidhani. Mwenye mama hapaki nyumba za watu masizi. Mimi nilishakufa humu, baba. Huyu mkwe wangu, ambaye hajui hata kupasua kuni, ndiye aliyenifufua kwa chokaa, na leo wanataka kumfunga juani. Kunywa polepole."

Mtu yule akanywa, akalaza kichwa, akaweka kiganja chake ukutani na kukiacha hapo muda mrefu. Machozi yakamtoka, au ilikuwa jasho, hakuna aliyeweza kuapa.

Bi Rehani akamfuta uso kwa ncha ya kanga. "Jua limekutosha, baba?"

"Limenitosha, mama," akasema.

Sauti ile waliitambua wote waliosimama mlangoni, kwa kuwa, kama ilivyosemwa, ilikuwa sauti nzuri. Sultani akageuza macho, akaona uso wa Waziri wake, nyuso za askari, Vuai aliyepiga magoti, na paka wasiohesabika. Bi Rehani alipoambiwa mgeni wake ni nani hakuanguka miguuni. Alisema tu kwamba yaliyosemwa yamesemwa, na kwamba Sultani au si Sultani, asitoke nje mpaka alasiri.

Waziri Burhani akainama haraka. "Maulana hakumaanisha kuwa amechoshwa. Alimaanisha kwamba, kwa wingi wa ukarimu wake..."

"Burhani," Sultani akasema, "nyamaza kidogo. Nataka kusikia ubaridi."

Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa kifua, hata akashika tumbo. Akiwa palepale mkekani akatoa amri kwamba minyororo iliyowekwa kwa ajili ya Vuai irudishwe ghalani, kila mwenye nyumba aipake chokaa kama babu yake, na wapepeaji wote warudi mashambani kwao wakapambane na magugu. Ikulu nayo irudishiwe weupe wake. Askari mmoja akathubutu kusema kwamba hilo litakuwa gumu, maana zile sifa zimeshika mno. Sultani akasema hana wasiwasi, Waziri Burhani atazibandua kwa mkono wake, kwa kuwa amekuwa akizipaka miaka mingi na anajua zinapojificha. Na kweli Waziri akapanda ngazi, akabandua, na watu waliopita na vikapu vya chokaa wakamsalimu kwa heshima zote.

Vuai akaulizwa anataka zawadi gani. Akaomba asipewe kitu cha kubeba.

Lakini kazi ya kuibandua ikulu ikachukua muda, kwa hiyo kila adhuhuri Sultani akawa anakwenda kupumzika katika kibanda kile. Bi Rehani hakumkataza. Ila mchana wa kwanza tu, alipomwona amejinyoosha kwenye mkeka ubavuni mwa mkwewe, alimwekea ungo wa mchele mbele yake, akamwambia auchambue mawe, kwa kuwa nyumba ni ndogo, mvivu mmoja inamtosha, na nafasi hiyo imeshachukuliwa. Sultani Harithi bin Ghalibu akaketi, akapakata ungo, akaanza kuchambua. Alipomaliza, Bi Rehani akauinamia mchele, akaokota jiwe aliloliacha, akamwonyesha, akamrudishia ungo. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuambiwa kwamba amekosea, naye akasema, ndiyo, mama, na kuanza upya, huku Vuai akikoroma.

Hekaya imefika kivulini. Atakaye kuendelea nayo, na aende juani.